Nyumba Tunayoimbia: Historia Fupi ya Kanisa Letu la Thogoto



Leo kwaya yetu inaposherehekea jubilii, wengi mtataka kujua tumeimba nyimbo ngapi na tumeleta nyumbani vikombe vingapi. Hayo mtayasoma katika kurasa nyingine. Hapa tumeona vyema tukumbushane historia ya nyumba tunayoimbia, kwa maana vijana wetu hupita mbele ya hospitali na shule za Thogoto kila siku bila kujua kwamba zilichipuka kutoka shina moja na kanisa hili.

Wamisionari kutoka Uskoti walianza kazi Kibwezi mwaka 1891. Malaria iliwasumbua sana huko, na mwaka 1898 misheni ikahamia Kikuyu chini ya Thomas Watson. Jina Thogoto lenyewe ni "Scot" kwa matamshi ya wenyeji.

Walifika wakati mgumu. Mvua ilikosekana, njaa ikaingia, kisha ndui. Watson alitumia siku zake kuwalisha wenye njaa na kuwahudumia wagonjwa, na Desemba 1900 akafariki. Mkewe, Minnie, alikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Angeweza kurudi kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki. Alifundisha watoto na kusimamia shule, akastaafu mwaka 1931. Alipofariki kwao mwaka 1949, majivu yake yaliletwa kuzikwa hapa Thogoto.

Ubatizo wa kwanza hapa ulifanyika mwaka 1907. Hesabuni wenyewe: karibu miaka tisa ya kulisha, kutibu na kufundisha kabla ya mtu mmoja kubatizwa. Mwaka huo huo alifika daktari John Arthur, na kazi ya hospitali ikashika kasi. Mwaka 1914 alibatizwa kijana mmoja aliyesoma hapa misheni, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Jomo Kenyatta. Mwaka 1926 ulileta mambo mawili makubwa: Musa Gitau aliwekewa mikono kuwa mchungaji, na shule ya Alliance ikafunguliwa kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti.

Kisha ukaja mwaka 1929, ambao wazee wetu hawakupenda kuuzungumzia. Misheni ilipinga tohara ya wasichana, ikawataka waumini watie alama ya kidole gumba kuthibitisha kwamba wameiacha. Alama hiyo iliitwa kirore. Watu wengi sana walikataa wakatoka, na shule zikabaki na madawati matupu. Waliotoka walianzisha shule na makanisa yao huru. Wakati huo ndipo ulipoenea wimbo wa Muthirigu, uliowakejeli wamisionari na Wakristo waliobaki, hadi serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930.

Sisi tunaamini kwamba kanisa halikukosea kumtetea msichana. Wanawake Wakristo wenyewe waliunda kundi la Ngo, yaani Ngao, kuwalinda mabinti zao. Lakini tukiwa wakweli, watu waliamriwa kabla hawajasikilizwa, na tayari walikuwa na uchungu wa kunyang'anywa ardhi. Sisi wanakwaya tunajua wimbo haushiki mioyo ya watu namna ile pasipo jambo linalowauma.

Jengo hili la Church of the Torch, Kanisa la Mwenge, lilifunguliwa mwaka 1933, wakati jeraha hilo lilikuwa bado bichi. Waliorudi walipokewa, na leo wajukuu wa waliotoka na wajukuu wa waliobaki wanaimba sauti moja katika kwaya hii. Ukiuliza nani ni nani, hatujui.

Kazi iliendelea. Shule ya wasichana ya Alliance ilianza mwaka 1948. Mwaka 1956 Wapresbiteri wa Kiafrika na wale wa asili ya Ulaya waliungana katika PCEA. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu aliwaambia Wakristo wa ng'ambo wasimamishe kwa muda kutuma wamisionari na fedha, ili makanisa yetu yajifunze kusimama. Neno letu likawa Jitegemea. Wapo waliodhani huduma zingekufa, lakini mwaka 1975 kitengo cha macho kilianzishwa katika hospitali yetu ya Kikuyu, na hadi leo wagonjwa hutoka mbali kuja kutibiwa.

Hapo ndipo historia hii inapotugusa sisi wenyewe. Tukiri mbele yenu: kuna mwaka tulibishana miezi mitatu kuhusu rangi ya sare, huku ziara ya kuimba wodini ikiahirishwa mara mbili. Tulipokwenda hatimaye, mama mmoja aliyefungwa bandeji machoni alituomba turudie ubeti wa mwisho, kisha akauliza, "Mlikuwa wapi siku zote?" Hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo tumeamua, na tunawaomba mtushike kwa neno letu. Kila mwezi kwaya itaimba wodini, tuwe na sare au tusiwe nazo. Sadaka ya jubilii ya leo tumeomba igawanywe mara mbili: nusu ya kinanda, na nusu ya kulipia matibabu ya wagonjwa wasiojiweza.

Waliotutangulia walianza na wenye njaa na wagonjwa. Nasi tusiishie madhabahuni.