Utupa, Konokono na Maji ya Ziwa

Bangwe ni rasi, na bustani zake huinamia ziwa. Mvua ikishapita kwenye tuta la mchicha, maji yake huishia Tanganyika, ziwa lenye kina kinachofika mita 1,470 na mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga. Mkulima wa hapa akishika bomba la dawa, ameshika na maisha ya samaki.

Wazee waliojua mmea wa utupa walilielewa hilo. Majani yake yakitwangwa na kuchujwa huua wadudu wa maharage. Yakitupwa majini, samaki huelea wakitweta, kwa kuwa rotenoni iliyomo huzuia mwili kutumia hewa. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza kuvua kwa sumu, tena kwa haki. Wanaousifu utupa kwa sababu tu ni wa asili wanasahau nusu ya habari zake.

Ipo pia njia ya kumtumia mdudu dhidi ya mdudu. Unguja, miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alionyesha kwamba minazi yenye maji moto, wale chungu wanaoshona majani kuwa viota, haisumbuliwi sana na kunguni wafyonzao nazi changa. Wachina walikuwa wakitundika viota vya jamaa zao michungwani zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Lakini adui wa adui si rafiki kila mara. Konokono mkubwa wa pwani yetu alifikishwa Calcutta mwaka 1847, akaenea Asia na visiwa vya Pasifiki akila bustani. Mwaka 1955 Hawaii ikaletewa konokono mwindaji kutoka Florida ili amle. Mwaka 1977 akapelekwa kisiwani Moorea. Huko aliwageukia Partula, konokono wadogo wa kisiwa hicho wasio na hatia. Miaka 10 baadaye hakuna aliyeonekana porini. Habari hii hunisikitisha kila niikumbukapo. Hakuna aliyeuliza kwa makini: huyu atakula nini kingine?

Waliopambana na kidung'ata wa muhogo waliuliza. Mdudu huyo alitokea Amerika Kusini, akaonekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nyigu mdogo aliyepatikana Paraguay, ambaye hutaga yai ndani ya kidung'ata huyo, alichunguzwa kwanza, kisha akaachiliwa Nigeria mwaka 1981 na kikosi cha mtafiti Hans Herren. Muhogo wa nchi nyingi ukaokoka, nasi tukaendelea kula ugali wake.

Ndani ya kitalu nyumba kupambana na wadudu ni kazi ngumu zaidi: mvua haiwaoshi vidukari, na wadudu wanaowala hawaingii. Lakini kwa koa wa bustanini, dawa haihitajiki hata kidogo. Pasua kigogo cha mgomba, kilaze jioni kati ya matuta, upande uliopasuliwa ukigusa udongo. Alfajiri kigeuze: koa wamejikusanya pale penye unyevu. Waokote, uwape bata.