Sheria ya Mama na Sheria ya Leta juu ya Sombe

Kila asubuhi, pembeni ya barabara ya Kasapa inayokwenda mpaka Université, bamama banauzisha sombe, lengalenga na matembele. Mununuzi anaangalia majani, anauliza bei, basi. Karatasi ya Leta hakuna mwenye kuiulizia. Je, ni kusema chakula cha bazee wetu hakikuwa na sheria? Hapana. Sheria ilikuwako, ila ilikaa mu mikono ya bamama.

Muhogo mchungu uko na sumu, ile waganga wanaita sianidi. Bazee hawakujua jina hilo, lakini walijua namna ya kuitoa: kuloweka muhogo siku tatu ao ine, kuanika, kisha kutwanga. Sombe nayo inatwangwa sana na kuchemshwa wakati murefu. Mahali walipopunguza siku za kuloweka, watu waliumia. Kule Kwango, daktari Trolli aliandika mu 1938 juu ya ugonjwa wa kupooza miguu. Wenyeji waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Ni mu 1989 tu ndipo Codex Alimentarius, sheria za chakula za mataifa, iliweka kipimo: unga wa muhogo usipite miligramu 10 za sumu hiyo mu kilo moja. Sheria ya karatasi ilifika nyuma ya sheria ya kinu.

Lakini tusijisifu mbio. Tangu 1911 kiwanda cha shaba kilitosha moshi juu ya mji wetu, na kwa miaka mingi vumbi lake lilianguka upande wa Penga Penga. Watafiti wa Université wamekuta madini mu mboga za bustani za Lubumbashi. Mu 2009, pamoja na wenzao wa Leuven, walionyesha kobalti nyingi sana mu mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga.

Sumu hii haitoki mu muhogo, inatoka mu udongo na mu vumbi. Ile iliyoingia ndani ya jani, hata uchemshe mpaka jioni, haiishi. Mama hawezi kuiona wala kuionja. Hapa ndipo kazi ya Leta inaanzia. Office Congolais de Contrôle iko tangu 1974, na tunaiona sana kule Kasumbalesa, ku bidhaa zinazoingia. Ije basi na ku bustani: ipime udongo, iambie bamama wapi wasipande. Kumufukuza mama pembeni ya barabara si kumulinda mulaji.