Minneapolis: Maisha kandokando ya maziwa ya jiji

Jiji la Minneapolis, katika jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, linajulikana kama Jiji la Maziwa. Jina lake lenyewe limeunganisha neno la lugha ya Wadakota lenye maana ya maji na neno la Kigiriki lenye maana ya mji. Pamoja na jirani yake Saint Paul, ambao ndio mji mkuu wa jimbo, huitwa Miji Pacha, na mto Mississippi hupita kati yake.

Maelfu ya watu kutoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika wameyafanya makazi yao katika miji hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jamii ya Wasomali wa Minnesota ndiyo kubwa kuliko zote nchini Marekani. Wengi wao walipitia kambi za wakimbizi nchini Kenya, na ndiyo maana Kiswahili husikika madukani na kwenye teksi za huko. Wapo pia Waoromo, Waethiopia, Wakenya na wengineo.

Maziwa manne au matano yaliyopangana kama shanga upande wa kusini magharibi mwa Minneapolis ndiyo kitovu cha mapumziko ya jiji. Nayo ni Brownie, Cedar, Lake of the Isles, Bde Maka Ska na Harriet.

Ardhi iliyowahiwa

Mgeni atokaye Dar es Salaam, Mombasa au Kisumu hushangazwa na jambo moja: kuyazunguka maziwa haya hakuna ukuta wa hoteli wala lango la nyumba ya tajiri linalomzuia mtu kufika majini. Kwa sehemu kubwa, ufukwe ni mali ya umma. Barabara na vijia vimepita kati ya maji na nyumba, navyo viko wazi kwa kila mtu.

Hali hiyo haikuja kwa bahati. Mwaka 1883 wapiga kura wa Minneapolis waliidhinisha kuundwa kwa bodi ya bustani yenye mamlaka yake, na Charles Loring akawa rais wake wa kwanza. Mwaka huohuo mbunifu wa mandhari Horace Cleveland aliishauri bodi inunue ardhi ya kandokando ya maji mapema, kabla mji haujakua na bei haijapanda. Ushauri huo ulifuatwa, na matokeo yake ni mzunguko wa barabara na vijia wa takriban kilomita 80 unaoziunganisha bustani, maziwa, vijito na mto.

Si kila kinachoonekana huko ni kazi ya maumbile. Lake of the Isles lilikuwa na kinamasi kingi. Mashine zilichimba matope, kingo zikajengwa, na visiwa vinne vikabaki viwili. Mwaka 1911 mfereji wa kuliunganisha na ziwa jirani ulifunguliwa kwa sherehe kubwa, na hadi leo mtumbwi huweza kutoka ziwa moja hadi jingine kwa kupita chini ya madaraja.

Wasomaji wa Kenya watakumbuka jinsi Wangari Maathai alivyopinga, mwaka 1989, mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Funzo ni lilelile. Uwanja wa umma ukishachukuliwa, kuurudisha ni vigumu, na gharama ya kuulinda mapema huwa ndogo kuliko gharama ya kuukomboa.

Ziwa lililorudishiwa jina

Ziwa kubwa kuliko yote katika mlolongo huo liliitwa Calhoun kwa karibu karne mbili, kwa heshima ya John C. Calhoun, aliyekuwa waziri wa vita na baadaye makamu wa rais wa Marekani. Calhoun alikuwa mtetezi mkubwa wa utumwa. Wadakota, wenyeji wa eneo hilo, waliliita Bde Maka Ska, yaani ziwa la ardhi nyeupe, na kati ya mwaka 1829 na 1839 walikuwa na kijiji cha wakulima kando yake.

Mwaka 2018 jimbo na serikali ya shirikisho vilikubali jina la Kidakota lirejeshwe. Baadhi ya wakazi walipinga, shauri likafika mahakamani, na mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu kabisa ya Minnesota iliamua kuwa jina hilo libaki. Kwa watu wa eneo ambalo ziwa lake kubwa lina jina la malkia wa Uingereza, mjadala huo si mgeni.

Kiangazi na kipupwe

Katika kiangazi, watu hutembea, hukimbia, huendesha baiskeli, huogelea na kuendesha mashua za tanga. Vijia vya baiskeli vimetengwa na vya waendao kwa miguu. Injini za petroli haziruhusiwi majini, kwa hiyo hakuna kelele wala harufu ya mafuta. Kwenye ukumbi wa wazi wa Ziwa Harriet hupigwa muziki bila kiingilio. Upande wa Saint Paul, bustani ya Como, ambayo ardhi yake ilianza kununuliwa mwaka 1873, ina ziwa, bustani ya wanyama na nyumba ya vioo yenye mimea ya nchi za joto. Mtu aliyekulia pwani huweza kuingia humo katikati ya Januari na kusimama chini ya mnazi.

Mbio za marathoni za Miji Pacha, zilizoanza mwaka 1982, hupita kando ya maziwa kabla ya kumalizikia karibu na jengo la bunge la jimbo huko Saint Paul. Mkenya Dominic Ondoro alishinda mbio hizo mara tatu mfululizo, mwaka 2015, 2016 na 2017.

Kipupwe nacho ni kirefu. Maji huganda, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili, na joto huweza kushuka hadi zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Wenyeji hutembea juu ya ziwa, huteleza kwa viatu vya vyuma, na hutoboa barafu ili kuvua samaki. Kwa mgeni, hili ni jambo la kujifunza kwa makini. Idara ya maliasili ya jimbo hushauri kuwa barafu iwe na unene usiopungua sentimita 10 hivi kabla mtu hajaikanyaga, na husisitiza kuwa hakuna barafu iliyo salama kabisa.

Bustani za nani?

Ingawa ufukwe ulikuwa wa umma, nyumba za karibu hazikuwa wazi kwa wote. Kuanzia mwaka 1910, hati nyingi za nyumba mjini Minneapolis ziliwekwa sharti la kukataza ziuzwe au zikodishwe kwa watu weusi na wengine wasio wazungu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, katika mradi ulioanza mwaka 2016, wamezifichua hati za aina hiyo kwa maelfu. Nyingi zilihusu maeneo yenye mandhari nzuri, yakiwemo yaliyo karibu na Ziwa Nokomis. Jimbo lilipiga marufuku masharti mapya mwaka 1953, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 ikaukataza ubaguzi wa makazi kwa jumla. Hata hivyo, ramani ya utajiri iliyochorwa enzi hizo haijafutika.

Wasomali wengi wanaishi Cedar-Riverside, mtaa wa majengo marefu yaliyofunguliwa mwaka 1973, karibu na mto lakini mbali kidogo na maziwa mashuhuri. Njia ya baiskeli iliyojengwa katika mtaro wa reli ya zamani, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2000, imesaidia kuwafikisha wakazi wa mitaa ya katikati kwenye maziwa.

Umbali, hata hivyo, si kikwazo pekee. Watoto waliozaliwa katika familia zilizotoka nchi kavu, au kambini, mara nyingi hawana mzazi wa kuwafundisha kuogelea, na ziwa halimwulizi mtu ametoka wapi. Baadhi ya mabwawa ya ndani hutenga saa za wanawake pekee, ili akina mama na wasichana Waislamu nao wajifunze bila kuvunja staha yao.

Kwa familia iliyohamia hivi karibuni, ushauri wa wenyeji ni mfupi. Mtoto afundishwe kuogelea kabla ya kiangazi. Mvuvi mtu mzima awe na leseni, na asome mwongozo wa idara ya afya kuhusu kiasi cha samaki kinachofaa kuliwa, kwani baadhi ya maziwa ya mjini yana kemikali. Baada ya hayo, ufukwe hauna kiingilio.