Sinema bubu, lugha ndani ya santuri

Familia zilizokimbia Bibokoboko na kushuka Baraka zilifika kando ya ziwa. Ng'ambo ni Tanzania, zamani Tanganyika ya Waingereza. Huko, toka 1935 mpaka 1937, lori lilizungusha sinema vijijini. Picha zilipigwa Vugiri, milimani Usambara, bila sauti. Leslie Notcutt alisimamia. Muziki na maneno vilikuwa kwenye santuri, ili picha ile ile ipate lugha nyingine. Pasipo santuri ya lugha ya mahali, mtu alishika mikrofoni akaeleza. Mafunzo yalikuwa ya mkoloni: minyoo, akiba ya posta. Lakini mwenye mikrofoni ndiye aliyeamua watu wasikie nini. Mwaka 1937 pesa za Carnegie ziliisha, serikali hazikuendeleza kazi.