Mfupa wa Ishango na Suala la Namba Tasa

Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua kipande cha mfupa chenye urefu wa sentimita 10 hivi huko Ishango, mahali ambapo mto Semliki hutoka katika ziwa Edward. Ishango imo katika Kivu ya Kaskazini, iliyokuwa jimbo moja na Maniema hadi 1988. Mfupa huo, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, una safu tatu za alama zilizochongwa. Safu mojawapo ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19, nazo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Je, wachongaji wake walizijua namba tasa?

Namba tasa haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Muuza maembe wa Mikelenge, mjini Kindu, aweza kupanga maembe 12 katika mistari sawa ya 3, 4 au 6. Maembe 13 hayapangiki hivyo. Kiswahili huiita tasa kwa sababu hiyo. Kifaransa, kikiwafuata Wagiriki, huiita namba ya kwanza, kwani namba nyingine hujengwa kwayo.

Safu ya pili ya mfupa ina 11, 21, 19 na 9. Namba 21 na 9 zagawanyika kwa 3. De Heinzelin aliona humo 10 na 20, zikiongezwa au kupunguzwa 1. Safu ya kati ina 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, mithili ya kuzidisha kwa 2. Alexander Marshack naye aliona kalenda ya mwezi. Hakuna alama inayothibitisha kugawanya, na bila kugawanya dhana ya utasa haipo.

Namba zenyewe zatoa onyo. Ukichukua 2 kwa kipeo cha 13, 17 au 19, kisha ukatoa 1, hupatikana 8,191, 131,071 na 524,287, zote tasa. Mbili za mwisho zilithibitishwa na Cataldi mwaka 1588. Lakini kipeo cha 11 hutoa 2,047, yaani 23 mara 89. Hivyo hata namba ya jamii hiyo iliyogunduliwa Oktoba 2024, yenye kipeo 136,279,841 na tarakimu 41,024,320, haikukubaliwa kwa kuwa kipeo chake ni tasa. Ilibidi ipimwe kwa kompyuta.

Mfano mzuri si uthibitisho. Mfupa huo, unaohifadhiwa Brussels, waonyesha kwamba watu wa ukingo wa Semliki walipanga alama kwa mafungu zama za kale mno. Hilo ni fahari tosha. Mwalimu anayelitia chumvi humpa mwanafunzi wake urithi utakaovunjwa na swali la kwanza.