Uweledishaji, si Utaalamishaji

Wapo wanaotaka tuandike "utaalamishaji wa utumishi wa umma", na inaelekea kamati fulani imekwisha kulipigia neno hilo muhuri, labda alasiri, wajumbe wakitazama saa. Kosa lake limo katika mzizi. Mtaalamu ametoka kwa Waarabu akiwa mutaallim, yaani anayejifunza. Anayefunza ni muallim, mwalimu wetu. Waswahili tulimpandisha cheo mwanafunzi huyo akawa bingwa, ila ukoo wake haukuhama: elimu, taaluma na mwalimu wote ni watu wa darasani. Kutaalamisha, basi, ni kumwongezea mtu masomo. Sasa litazame neno la pili, utumishi, ambalo kamati haikujisumbua nalo. Tumika huzaa mtumishi kama pika inavyozaa mpishi na andika mwandishi, na nyuma ya tumika yupo tuma, mzazi wa mtume na mtumwa vilevile. Mtumishi ni anayetumika. Anatumiwa na nani? Neno limenyamaza, na katika nchi iliyogawanyika kisiasa ugomvi wote umelala papo hapo.

Tuchukue Sudan Kusini, jirani aliyeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 uligawa madaraka ya majimbo kwa mizani: asilimia 55 kwa serikali iliyokuwapo ya Rais Salva Kiir, 27 kwa upande wa mpinzani wake Riek Machar, 10 kwa muungano wa upinzani wa SSOA na 8 kwa vyama vingine. Serikali ya mpito iliyoundwa Februari 2020 ikawa na makamu wa rais 5. Mgawo huo uliwahusu wanasiasa, na pengine bila huo bunduki zisingetulia hata kidogo. Lakini waziri akiingia kwa fungu la upande wake, mkurugenzi na karani hutambua upesi ugali wao unatoka jikoni kwa nani. Kisha mpito wenyewe unarefuka: uchaguzi wa Desemba 2024 umesogezwa hadi Desemba 2026. Mwaka huohuo wa 2024, Februari, bomba linalopitisha mafuta ya nchi hiyo ndani ya Sudan liliharibika, hazina ikakauka, na watumishi wakakaa miezi bila mshahara. Mtu huyo ukimpeleka semina utamwongezea cheti, basi. Anachokosa ni ajira inayotokana na sifa, mshahara unaofika, na ulinzi wa kumkatalia bwana mkubwa amri isiyo halali na kesho akakuta kiti chake bado kipo. Hapo ndipo weledi unapoanzia: mtaalamu anajua kazi, mweledi anajua kazi na miiko yake.

Nitaambiwa kwamba elimu ndiyo iliyopungua, kwa kuwa vita vya 1983 hadi 2005 vilikula shule, na wengi waliingia ofisini wakitoka msituni. Ni kweli, wala sipingi masomo. Lakini tazama mpango wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, uliogharimiwa na Norway: maofisa wapatao 200 kutoka Kenya, Uganda na Ethiopia walipelekwa huko kukaa bega kwa bega na wenzao, faili kwa faili. Huo ni uanagenzi, jinsi seremala anavyomrithisha mwanafunzi wake mkono na adabu ya kazi pamoja. Vita vya Desemba 2013 vilipozuka, kilichopasua ofisi hakikuwa uhaba wa shahada. Pingamizi la pili lina makali zaidi: hata mwizi aweza kuwa na weledi. Sikio la Mswahili linakataa. Mwizi hodari tutamwita fundi, tutamwita bingwa hata. "Ameiba kwa weledi" husemwa kwa kejeli, na kejeli hiyo inashika kwa sababu weledi tayari umebeba sifa njema. Kwamba neno limechakaa majukwaani, likiburutwa pamoja na uadilifu katika kila hotuba ya kuapishwa, ni kosa la wahutubu.

Wengine watadai uweledishaji ni neno la kulazimisha, nami ninalitetea kwa kuwa nimelipenda. Nimelipenda, ndiyo. Hata hivyo, halali imetoa halalisha, taifa taifisha, rasmi rasimisha, na hakuna kamati iliyoumwa na koo. Weledi ikitoa weledisha imekosea sarufi gani? Wanaolicheka ndio haohao waliotuzoesha maneno ya silabi nane bila kututaka radhi.

Matumizi ni mepesi: kuweledisha wizara, utumishi uliowe­ledishwa. Utaalamishaji nao usitupwe, ubaki jina la kozi za wiki 2.