Feni Haina Makosa

Wanaoniletea kompyuta inayonguruma kama mashine ya posho huwa wameshaamua: feni imekufa, ibadilishwe. Mimi huuliza kwanza, prosesa inafanya nini? Feni inafukuza joto tu. Joto lenyewe mara nyingi hutoka kwenye programu.

Tuchukue Windows 95. Prosesa za Intel zina agizo la HLT tangu 8086 ya mwaka 1978. Maana yake: simama hapo hadi uitwe. Chipu za miaka ya 1990 zilipunguza umeme zikipewa agizo hilo. Linux ililitumia, Windows NT pia. Windows 95, hapana! Ikikosa kazi iliizungusha prosesa bure, kama dereva wa matatu anayekanyaga mafuta stejini huku anangoja abiria. Microsoft walikuwa wamelijaribu, wakaliondoa baada ya kuona baadhi ya laptopu zikiganda kabisa. Basi watu wakapakua vijiprogramu kama Rain na CpuIdle, ambavyo kazi yavyo kubwa ilikuwa kutoa HLT. Chuma kilekile, joto likashuka.

Baadaye zikaja prosesa zinazopunguza mwendo. Hapa hesabu ni tamu: umeme unaoliwa hufuata kasi, mara volti, mara volti tena. Punguza kasi nusu na volti kwa asilimia 20, unabaki na kama theluthi moja ya joto. Intel walileta SpeedStep kwenye laptopu mwaka 2000, AMD wakaleta Cool'n'Quiet kwenye Athlon 64 mwaka 2003. Ajabu ni kwamba kwenye Windows XP hiyo ya AMD ilitaka draiva yake, kisha uende mwenyewe kwenye mipangilio ya umeme ukachague mpango wa matumizi madogo. Wangapi walifika huko? Na mwaka 2004 Pentium 4 za Prescott zilikuwa zimefika wati 103!

Linux 2.6.9, mwaka huohuo wa 2004, ilileta kidhibiti cha ondemand: kasi ipande kazi ikija, ishuke ikiisha.

Windows ina mpangilio wa kiwango cha juu cha prosesa tangu Vista. Ukiuweka asilimia 99 badala ya 100, laptopu nyingi za Intel huacha kupandisha kasi kupita ile ya kawaida, na feni inatulia. Yangu iko hapo. Kukompaili kunachelewa, najua, lakini mtoto analala chumba hikihiki ninachofanyia kazi usiku.